Jinsi ya kutengeneza njia ya matembezi inayoonyesha msitu unavyorejea wenyewe

Wageni wengi wakifika Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, huomba wapelekwe kwenye mti mkubwa. Wakiufikia wanauzunguka, wanapigana picha katikati ya mizizi yake, basi, safari imekwisha. Nami kwa muda mrefu nilikuwa nawapeleka huko moja kwa moja. Siku hizi naanza nao kwenye pengo, mahali ambapo mti kama ule ulianguka, jua likaingia, na chini pakajaa vichaka ambavyo ukipita haraka utaviita fujo tu. Naanza hapo kwa sababu mti mkubwa huonyesha matokeo, na pengo huonyesha kazi yenyewe.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kutengeneza njia ya namna hiyo: mwalimu ambaye shule yake inapakana na msitu, kamati ya maliasili ya kijiji, mwongoza watalii, au mwenye shamba aliyeacha kipande kirudi porini. Mifano mingi naitoa Usambara kwa kuwa ndiko ninakokujua, lakini hatua ni zile zile kwingine. Sharti langu ni moja: njia ionyeshe muda. Anayetoka humo awe anajua kipi kilitangulia, kipi kilifuata, na kipi bado hakijarudi.

Hatua ya 1: Tafuta historia ya eneo kabla ya kushika panga

Msitu uliowahi kuguswa huwa na sababu ya kuguswa, na sababu hiyo ndiyo inayoamua namna utakavyorudi. Mti ulioangushwa na upepo huacha pengo dogo, na udongo wake haukuharibika. Shamba lililolimwa miaka kumi lina udongo uliochoka, na mbegu nyingi zilizokuwa ardhini zimeshakufa. Palipopita moto mkali ni hadithi nyingine kabisa.

Nenda kwa wazee. Siku moja nilimchukua mzee wa jirani tukapande naye kilima ambacho sikukielewa.

"Mzee, huku juu miti yote ni ya rika moja. Palikuwa na nini?"

Akasimama, akainama, akachuma jani refu jembamba, akalifikicha na kuninusisha. "Mwanangu, unaiuliza miti, na iliki umeikanyaga?"

Kweli, mashina ya iliki yalikuwa bado yapo kivulini, yamedhoofika lakini hai. Akanieleza kwamba baba yake alilima iliki pale. Walifyeka vichaka na kupunguza miti, wakaacha ile mikubwa iwe kivuli. Mavuno yalipopungua wakaacha. Lini? "Mwaka niliomwoa mama yenu." Hapo ndipo unapouliza mtoto wa kwanza ana umri gani, na tarehe unayo.

Iliki ya chini ya msitu ni sehemu kubwa ya historia ya Usambara Mashariki. Nyingine ni mbao. Ukitembea kwa makini utakuta mashimo marefu yaliyojaa majani, ubavuni mwa kilima. Hayo ni mashimo ya wapasua mbao: mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake ndani ya shimo, wakivutana msumeno. Katika miaka ya 1970 na 1980 palikuwa pia na uvunaji wa mashine, hadi uliposimamishwa. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina hiyo Tanzania, yenye hekta 8,380. Kwa hiyo ndani ya eneo lile lile unapata makovu ya umri tofauti, na kwa mtengeneza njia hiyo ni hazina.

Andika kila kovu kwenye daftari: mahali, kilichotokea, mwaka wa kukadiria, na nani kakuambia. Kisha uliza mtu wa pili. Wakitofautiana, uliza wa tatu.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma miti

Hapa usikimbie. Tumia wiki kadhaa, ikiwezekana wakati wa masika na wakati wa kiangazi, kwa sababu njia nzima itasimama juu ya hatua hii.

Msitu hurudi kwa milango minne, na unapaswa kuitambua kila mmoja ukiwa umesimama mbele yake. Wa kwanza ni visiki: mti umekatwa, mizizi iko hai, machipukizi yanatoka. Wa pili ni mbegu zilizolala ardhini zikingoja joto la jua. Wa tatu ni miche iliyokuwa tayari imeota kivulini, imedumaa kwa miaka, nayo mwanga ukiingia inapanda. Wa nne ni mbegu zinazoletwa kutoka nje na ndege, popo, kima na upepo.

Miti tangulizi utaijua kwa haraka yake. Ina mbao laini, majani mapana, mbegu ndogo nyingi, na haivumilii kivuli. Usambara utaona mkumba (Macaranga), mpesi (Trema orientalis) na Harungana, ambao ukivunja jani lake unatoa utomvu wa rangi ya machungwa. Majina ya kienyeji hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji, kwa hiyo andika linalotumika kwako na ulinganishe na la kisayansi mara moja, usije ukabishana na wageni kila siku.

Ile inayokuja baadaye haina haraka. Mtambara (Cephalosphaera usambarensis), msambu (Allanblackia stuhlmannii) na mnyasa (Newtonia buchananii) ni miti ya msitu uliokomaa. Msambu una tunda kubwa lenye mbegu za mafuta, na mbegu ya namna hiyo hairushwi na upepo. Lazima awepo mnyama wa kuichukua. Shamba likiwa mbali na miti mama, miti hii ndiyo inayochelewa kuliko yote, hata kama kwa macho pameshakuwa kijani kizuri.

Halafu kuna msizi (Maesopsis eminii). Huu lazima uujue vizuri, kwani bila yeye hadithi ya Amani haijakamilika. Kwao ni magharibi, kuanzia kanda ya Ziwa kwenda Afrika ya Kati. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa tena kwa wingi baadaye katika sehemu zilizokatwa miti. Unakua upesi mno. Matunda yake yanapoiva huwa meusi ya zambarau, na hondohondo wanayapenda.

Tafuta tawi ambalo hondohondo hupenda kutua, kisha piga magoti chini yake. Mimi hufukua majani makavu kwa vidole, polepole. Mara nyingi nakuta kokwa za msizi, ngumu, ndefu kama fundo la kidole, nyama ya nje imeliwa zikabaki safi kama zilizooshwa. Pembeni yake miche ya msizi imesimama kwa makumi, mingine bado imevaa ganda la mbegu kichwani. Mgeni akiona hivyo kwa macho yake anaelewa mambo mawili kwa pamoja: ndege ni mpanzi, na mpanzi hachagui kama mbegu ni ya kwao au ya kuja.

Ndiyo maana nasisitiza njia isimwambie mtu kwamba msitu ukiachwa hurudi kama ulivyokuwa. Wakati mwingine hurudi mwingine. Sehemu za Amani zilizofunguliwa zilijaa msizi, na chini zikajaa Clidemia hirta, kichaka chenye majani ya manyoya na vitunda vya buluu iliyokoza, nacho ni mgeni kutoka Amerika. Tazama kilichopo chini ya msizi mzee. Ukikuta miche ya mtambara na msambu, msitu wa asili unapenya taratibu. Ukikuta Clidemia tupu, hapo pana kazi.

Hatua ya 3: Panga vituo kwa umri

Sasa una ramani ya makovu na unajua kusoma miti. Chagua vituo saba hadi tisa, visizidi hapo. Ukipata kovu changa kabisa (mwaka mmoja au miwili), jingine la miaka mitano hadi kumi, jingine la ishirini, la arobaini, na kipande cha msitu ambacho hakijaguswa kwa kumbukumbu ya wazee, unayo njia.

Mfuatano wa vituo uende na umri kadiri ardhi inavyoruhusu. Nimeona njia zinazomrusha mgeni kutoka miaka miwili hadi msitu mkongwe, kisha zinamrudisha kwenye miaka kumi, naye anabaki kuhesabu mabango. Kama ardhi haikubali mfuatano ulionyooka, anza na msitu mkongwe ili watu wapate picha ya mahali safari inakoelekea, ndipo uwashushe kwenye changa na kupanda nao.

Kwa kipimo cha muda, kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2021, uliokusanya takwimu za maeneo 77 ya misitu ya kitropiki iliyorejea yenyewe Amerika ya kitropiki na Afrika Magharibi. Ulionyesha kwamba udongo unaweza kurudia hali yake ndani ya miaka 10. Umbo la msitu na wingi wa aina za miti huchukua miaka 25 hadi 60. Uzito wa miti na mchanganyiko halisi wa aina zake huhitaji zaidi ya karne. Baada ya miaka 20 msitu ulikuwa umefikia kwa wastani asilimia 78 ya hali ya msitu mkongwe. Hayo yanatoka maeneo ambayo udongo haukuharibiwa sana na msitu mama haukuwa mbali, kwa hiyo yatumie kama kioo cha kujilinganisha.

Usiweke kituo chini ya mti mkavu uliosimama wala tawi lililonasa juu. Hamisha kituo, mti uuache. Vigong'ota, ndege wanaotoboa miti, wanautumia.

Hatua ya 4: Kibali

Hii ni fupi lakini usiiruke. Tanzania, kama msitu ni wa hifadhi ya serikali kuu, mwenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na huanzi hata kupigilia mambo, yaani vigingi vya kuonyesha njia itakapopita, kabla ya maandishi. Kama ni msitu wa kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, nenda kwa kamati ya maliasili na serikali ya kijiji, na jambo lifike mkutano mkuu. Wenzetu wa Kenya watapitia Shirika la Huduma za Misitu na chama cha jamii cha msitu husika. Kubalianeni mapema nani anafagia njia, nani anaongoza wageni, na fedha ya kiingilio inaingia wapi. Sijaona njia iliyodumu pale ambapo suala la mwisho liliachwa hewani.

Hatua ya 5: Pima mteremko na pigilia mambo

Njia ya kwanza niliyoshiriki kuichimba ilipanda kilima moja kwa moja, kwa kuwa ndiyo ilikuwa fupi. Masika moja tu ilitosha. Maji yalipata mfereji, yakachimba hadi mizizi ikaning'inia, na kwenye kituo tulichokusudia kuonyesha udongo unaopona tukawa tunaonyesha korongo tulilolichimba wenyewe. Iliniuma sana.

Kanuni ni mbili. Mteremko wa njia usizidi nusu ya mteremko wa kilima unachokikata, la sivyo maji yatafuata njia badala ya kuivuka. Na kwa jumla usizidi asilimia 10, watoto na wazee wapite bila shida.

Kifaa unachohitaji wakulima wengi wa milimani wanakijua, kile cha kupimia kontua: fremu A. Chukua miti miwili iliyonyooka ya mita 2 na kidogo, ifunge juu, itanue chini hadi nafasi kati ya miguu iwe mita 2 kamili, kisha funga mti wa tatu wa kukatisha katikati. Ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Isimamishe mahali tambarare, weka alama pale kamba inapogusa mti wa kukatisha, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndiyo usawa. Sasa ingiza kipande cha mti chenye unene wa sentimita 16 chini ya mguu mmoja. Kamba itasogea. Weka alama mpya, hiyo ni asilimia 8. Tembea na fremu yako ukipigilia mambo kila hatua, kamba ikiwa kwenye alama hiyo au chini yake.

Upana wa sentimita 80 unatosha. Uso wa njia uinamie kidogo upande wa bondeni, kama sentimita 4 kwa upana huo, maji yapite juu yake na kuondoka. Kila baada ya mita 15 au 20 ishushe njia kidogo kisha ipandishe tena. Hapo maji yaliyokaidi yatatoka. Urefu wa kilomita moja na nusu kwa mzunguko, pamoja na vituo, huchukua darasa la shule ya msingi kama saa mbili.

Hatua ya 6: Kata kidogo kuliko unavyotamani

Njia zetu nyingi hufia hapa. Vijana wanapewa mapanga, wanaambiwa wasafishe, nao wanasafisha kweli! Tuliwahi kufika asubuhi kwenye kituo cha pengo changa, kile nilichokihesabu miche kwa magoti yangu, tukakuta pamefyekwa pakang'aa kama uwanja wa shule. Kosa halikuwa la vijana. Hakuna aliyewaonyesha kwamba kile kichaka ndicho maonyesho yenyewe.

Kabla ya siku ya kukata, tembea nao njia yote. Funga utepe kwenye kila mche ulio ndani ya mita mbili kutoka ukingoni. Magogo yaliyolala yaacheni. Likikatisha njia, katieni nafasi ya kupita mtu na pande zote mbili zibaki. Gogo la mtambara lililooza ni kituo kizuri mno: juu yake kuna kuvu, kangaga, na miche iliyoota kwenye ubao uliolowa.

Ujerumani wana mfano wa jambo hili. Katika hifadhi ya taifa ya Bayerischer Wald, iliyoanzishwa mwaka 1970, dhoruba ya mwaka 1983 iliangusha miti mingi, na uamuzi ukawa kuyaacha magogo pale pale. Baadaye wadudu wa magome wakaua eneo kubwa la miti ya jamii ya misonobari, na watu wengi wakalalamika kwa uchungu. Msitu mchanga ukaota katikati ya mikavu. Leo wageni hupita humo, kwingine juu ya vijia vya mbao vilivyoinuliwa kutoka ardhini ili miguu isikanyage miche. Ubao wa namna hiyo nauona wa lazima kwetu mahali pamoja tu, penye chemchemi au tope. Kwingine ni gharama.

Hatua ya 7: Vituo viseme nini

Sipendi mabango makubwa. Jua na kuvu huyala, nayo humfanya mgeni asome ubao badala ya msitu. Tumia nguzo fupi za mti mgumu zenye namba, na kijitabu au karatasi moja anayokabidhiwa mgeni mwanzoni. Kila kituo kiwe na maneno yasiyozidi sitini: kilichotokea, mwaka, kinachoonekana sasa, na swali moja la kufanya kwa mikono. Kwa mfano:

"Namba 3. Hapa palilimwa iliki, pakaachwa yapata miaka ishirini iliyopita. Miti mirefu unayoiona ni msizi na mkumba. Inama. Hesabu miche iliyo ndani ya urefu wa mkono wako. Mingapi ina majani kama ya mti ulio juu yako, na mingapi ni ya aina nyingine?"

Swali la mwisho ndilo linalobeba kituo. Watoto wanaanza kubishana, mmoja anaita mwalimu, mwingine amelala kifudifudi. Waache.

Mpe kila mwalimu futi ya fundi cherehani. Wanafunzi wapime mzingo wa shina kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, wagawanye kwa 3.14 wapate kipenyo, kisha walinganishe kituo kwa kituo. Onya jambo moja: msizi mnene si lazima uwe mzee kuliko msambu mwembamba ulio kando yake. Hapo ndipo wanapoelewa kwamba ukubwa na umri ni vitu viwili.

Kama kwenu hakuna mvua ya Usambara

Nchi kavu hadithi hubebwa zaidi na mlango wa kwanza, visiki. Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi (HASHI) ulioanza mwaka 1986 ulijenga juu ya desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kufunga eneo la malisho wakati wa mvua ili lipone. Dodoma wakulima wanafanya kisiki hai: wanachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, wanapogoa mengine, wanaweka alama ili mifugo na jembe visiyaguse. Njia huko inaweza kuwa na visiki vitano tu, cha mwaka wa kwanza hadi cha mwaka wa kumi, na pembeni yake kisiki ambacho hakikupogolewa kwa ajili ya kulinganisha. Chimba kidogo pembeni ya kimoja mgeni auone mzizi ulivyo mnene kuliko shina linalochipua, kisha ufukie. Na ukingo wa njia ulindwe dhidi ya moto wa mwisho wa kiangazi, kwani huo ndio unaorudisha machipukizi sifuri.

Hatua ya 8: Weka kumbukumbu tangu siku ya kwanza

Njia inayoonyesha muda inahitaji picha. Kwenye kila kituo chimbia nguzo ya kupigia picha, uweke simu juu yake ikielekea upande uliochongwa mshale, na upige tarehe ile ile kila mwaka. Sisi tulichagua Januari, vuli ikiwa imekwisha na masika haijaanza, mwanga unapenya. Pembeni ya vituo vitatu pima mraba wa mita 10 kwa 10, weka mawe pembeni, hesabu miche yote inayozidi urefu wa goti kwa aina zake. Andika kwenye daftari la karatasi, na nakala ikae shuleni.

Baada ya masika ya kwanza pita njia nzima na jembe, ufungue pale maji yalipotuama. Ukiona wageni wamekata kona, wasikurudishe kwenye panga. Lazeni gogo au tawi la miiba hapo, na muulizane kwa nini kona ile iliwachosha.

Pengo ninaloanzia lilikuwa na miche ya mkumba ya urefu wa goti nilipolipiga picha ya kwanza. Mwaka huu nililazimika kurudi nyuma hatua sita ili vilele viingie kwenye picha, na chini yake, katikati ya majani yaliyodondoka, nilihesabu miche minne ya msambu. Nimeifungia utepe.